Je, Wajua? Yanayotokea Kabla Logo Haijatokea

Sogea hapa benchini, ndugu yangu. Unabonyeza kitufe cha simu, unasubiri kidogo, logo inatokea. Kumbe kabla ya logo hiyo kuna programu ndogo iliyokwisha kufanya kazi kubwa ya kuiamsha mashine nzima! Mafundi wanaiita butiloda. Leo tunamwaga maajabu yake, hasa ya butiloda huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Kuamka ni kazi

Je, wajua kwamba kompyuta ikiwashwa haijui hata kama ina skrini? Kibodi haijui, diski haijui, na RAM yake yote bado haifanyi kazi! Butiloda huanza ikiwa imebanwa kwenye kipande kidogo cha memori kilichomo ndani ya chipu, ndipo inaiamsha RAM.

Je, wajua kwamba laptopu nyingi za Intel na AMD zinazouzwa leo huamka zikijiona ziko mwaka 1978? Naam, 1978! Kwa kitambo kifupi sana prosesa hufanya kazi kwa biti 16 kama babu yao, 8086, kisha programu ya kuamsha huipandisha hadi biti 64.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kompyuta za ofisini ziliamshwa na baiti 512 tu za mwanzo wa diski? Na humo msimbo wenyewe ulipewa baiti 446 pekee. Chukua SMS 3 za herufi 160 kila moja: umeshaizidi nafasi hiyo!

Usiondoke. Je, wajua kwamba mwaka 1975 watu waliiingiza butiloda kwa vidole? Kompyuta ya Altair 8800 ilikuja bila kibodi na bila skrini. Mwenye nayo alipandisha na kushusha swichi za mbele, biti moja baada ya nyingine, mpaka mashine ikapata akili ya kusoma programu kutoka kwenye utepe.

Je, wajua kwamba butiloda moja maarufu iliandikwa angani? Mwaka huohuo wa 1975, Paul Allen alikuwa ndani ya ndege akielekea Albuquerque kuonyesha programu ya Altair hiyo aliyoitengeneza na Bill Gates. Akakumbuka kwamba hawakuandika butiloda! Akaiandika palepale kitini, na ilipofika zamu yake ikafanya kazi.

Je, wajua kwamba LILO, butiloda ya mfumo huria wa Linux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitaja ugonjwa wake kwa herufi? Kila hatua ikifaulu iliandika herufi moja ya jina lake: L, kisha I, kisha L, kisha O. Ikikwama kwenye "LI", fundi anajua papo hapo imekufia hatua gani.

Shika hii. Je, wajua kwamba nywila ya butiloda iliwahi kuvunjwa kwa kitufe cha kufuta? GRUB, iliyoanza mwaka 1995 na kuamsha kompyuta nyingi za Linux duniani, ilikuwa na kosa lililogunduliwa mwaka 2015. Ukibonyeza kitufe cha kufuta mara 28, mlango unafunguka! Siyo 27, siyo 29. Mara 28.

Je, wajua kwamba coreboot, programu huria inayoamsha Chromebook nyingi, ilizaliwa kwenye maabara ya nyuklia? Ron Minnich aliianzisha mwaka 1999 huko Los Alamos, Marekani, wakati huo ikiitwa LinuxBIOS. Alikuwa na rundo la kompyuta zilizofanya kazi pamoja, akataka ziamke zenyewe bila mtu kuzunguka na kibodi.

Je, wajua kwamba kuna butiloda iliyotengeneza Linux papo hapo, kuanzia msimbo wake mbichi? Fabrice Bellard, Mfaransa, aliitoa mwaka 2004 kwa jina TCCBOOT. Kwenye kompyuta ya Pentium 4 ilisoma msimbo, ikaugeuza programu, ikaiwasha, yote kwa sekunde zisizozidi 15!

Mkononi mwako, hapa Juru

Je, wajua kwamba Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, ina umri mkubwa kuliko prosesa zote za chipu moja zinazouzwa duniani? Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Prosesa ya kwanza ya chipu moja kuuzwa, Intel 4004, ilitoka mwaka 1971. Nyie wa maeneo yake ya Juru, Base Camp na Rubondo mnakaa juu ya historia ndefu kuliko ya simu mlizoshika!

Je, wajua kwamba Tecno, Infinix na itel ni watoto wa kampuni moja, Transsion? Simu zao nyingi za kugusa hubeba chipu za MediaTek, na simu za MediaTek huamshwa na butiloda iliyojengwa juu ya programu huria iitwayo LK. Itazame simu yako sasa. Huenda imeanza siku yake na LK.

Je, wajua kwamba LK ilianzishwa na mtu mmoja? Travis Geiselbrecht aliiandika iwe ndogo na nyepesi, akaiachia dunia itumie bure. Haikuamsha MediaTek peke yake: simu nyingi za Qualcomm za miaka ya 2010 nazo ziliamshwa nayo. Na Google walianzia kwayo walipojenga moyo wa mfumo wao wa Fuchsia.

Je, wajua kwamba simu yako haiamshwi na programu moja? Ni msururu! Kwenye simu ya MediaTek, msimbo mdogo uliochongwa ndani ya chipu unaamsha programu ya pili, ya pili inaamsha RAM na kumwita LK, LK anaiita Linux, na Linux ndiyo inayoleta Android. Yote hayo wewe ukisubiri logo.

Je, wajua kwa nini fundi simu anaweza kufufua simu ambayo haionyeshi hata mwanga? Ule msimbo wa kwanza ulichongwa kiwandani na haufutiki. Fundi akichomeka waya wa USB kwenye simu ya MediaTek, msimbo huo unaitika hata kama programu zote kwenye memori zimeharibika, naye anaanza kupiga flashi upya.

Lakini ngoja, kutofutika kuna upande wake wa pili. Je, wajua kwamba mwaka 2019 kosa liligunduliwa kwenye msimbo uliochongwa wa iPhone, kuanzia 4S hadi X? Apple hawakuweza kulirekebisha kwa sasisho lolote. Litabaki kwenye simu hizo mpaka zitakapokufa!

Je, wajua kwamba chipu ya kwanza ya ARM, bibi wa karibu kila prosesa ya simu, ilifanya kazi kabla ya kupewa umeme? Sophie Wilson na Steve Furber waliibuni Uingereza, na tarehe 26 Aprili 1985 ikawashwa. Furber akakuta kipimo cha umeme kinasoma sifuri. Waya wa umeme wa chipu ulikuwa haujaunganishwa, nayo ilikuwa inaishi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka nyaya za jirani!

Je, wajua kwamba simu ya kwanza ya biti 64 ilitoka Septemba 2013? Ilikuwa iPhone 5s, miaka 2 tu baada ya ARM kutangaza muundo huo mpya. Leo muundo huohuo umejaa kwenye simu za bei nafuu sokoni Mbarara.

Je, wajua kwamba ndani ya prosesa ya ARM ya biti 64 kuna ngazi 4 za mamlaka? Butiloda za mwanzo huanzia ngazi ya 3, ya juu kabisa, zikiruhusiwa kugusa kila kitu. Kisha mashine inashuka ngazi kwa ngazi. WhatsApp yako iko ngazi ya 0, haina amri juu ya yeyote!

Je, wajua kwamba ukifungua faili la Linux la ARM ya biti 64, kwenye baiti ya 56 utakuta herufi "ARMd"? Butiloda huzitafuta herufi hizo 4 kabla ya kukubali kuliwasha faili. Bila alama hiyo, faili haliambiwi karibu.

Je, wajua kwamba kwenye Raspberry Pi za awali kinachoamka kwanza ni sehemu ya kuchora picha? Kompyuta hiyo ndogo ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, siku inayokuja mara moja kwa miaka 4. Sehemu ya picha inaamka, inasoma memori kadi, ndipo inaiamsha prosesa ya ARM iliyokuwa imelala.

Kwa majirani zetu

Je, wajua kwamba jirani yetu Rwanda iliwapa watoto wa shule zaidi ya laptopu 200,000 za kijani na nyeupe? Zilikuwa XO za mradi wa OLPC. Na programu iliyoziamsha, Open Firmware, ilikuwa huria kabisa!

Unaona hiyo? Sasa sikia hii. Je, wajua kwamba ndani ya Open Firmware hiyo mna lugha nzima ya kuandikia programu, iitwayo Forth? Kabla Linux haijawaka, mashine iliweza kukupa neno moja tu: "ok". Hapo ungeweza kuipigia hesabu, kuijaribu RAM, hata kuandika programu mpya.

Je, wajua kwamba wazo la mtu aliyeibuni Open Firmware, Mitch Bradley, linaishi kwenye simu yako pia? Alitaka butiloda iukabidhi mfumo orodha ya kila kitu kilichomo ndani ya mashine. Leo simu za Android, ruta na prosesa mpya kabisa hutumia orodha ya namna hiyo. Faili lake huanza kwa tarakimu na herufi hizi: d00dfeed!

Je, wajua kwamba vitabu pia vina butiloda? Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilipeleka visomaji vya Kindle kwenye shule za Kenya na Uganda. Kindle nyingi huamshwa na U-Boot, butiloda huria, kabla ukurasa wa kwanza haujatokea.

Je, wajua kwamba Wakenya waliwahi kulitia darasa zima ndani ya sanduku moja? Kampuni ya BRCK ya Nairobi ilichangiwa zaidi ya dola 170,000 mwaka 2013 ili itengeneze ruta inayovumilia umeme kukatika. Mwaka 2015 ikaja na Kio Kit: tableti 40 na ruta 1 sandukuni. Piga hesabu: mashine 41 zinazoamka kwa ajili ya kipindi kimoja!

Je, wajua kwamba sahani ya intaneti ya Starlink juu ya paa ni kompyuta ya ARM ya biti 64 inayoamshwa na U-Boot? Ndiyo sahani hizo zilizoanza kazi Rwanda na Kenya mwaka 2023. Mwaka 2022 mtafiti Lennert Wouters wa Ubelgiji alionyesha kwamba aliweza kuingia ndani yake kwa kifaa cha dola 25 hivi, kilichoivuruga pale inapoamka!

Je, wajua kwamba programu huria zilianza kuzungumza Kiswahili zamani? Mradi wa Kilinux, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004. Facebook ilikuwa haijatimiza hata mwaka 1!

Mfalme anaitwa U-Boot

Je, wajua kwamba U-Boot ilianza ikijua aina moja tu ya prosesa? Mwaka 2000 iliitwa PPCBoot, na ilijua PowerPC pekee. Mjerumani Wolfgang Denk na wenzake wakaifundisha nyingine, ikapewa jina jipya mwaka 2002. Leo inazijua aina nyingi!

Je, wajua kwamba U-Boot inaweza kuamsha bodi zaidi ya 1,000 tofauti? Ruta, kamera, vichezeshi vya TV, visomaji, kompyuta za kiganja. Umepita mbele yake mara nyingi, ila haikukuambia jina lake.

Je, wajua kwamba kwa kawaida U-Boot hukupa sekunde 2 tu za kuizuia? Inahesabu kurudi nyuma, na ukibonyeza kitufe kabla haijafika sifuri, inasimama na kukuuliza unataka nini. Ukichelewa, imeshakwenda zake!

Je, wajua kwamba ukifanikiwa kuizuia, unaweza kuitumia kama kompyuta kamili? Inasoma memori kadi, inafungua mafaili, inapima kama mashine nyingine kwenye mtandao inaitika, hata inapakua Linux kutoka kwenye seva. Na mfumo wenyewe bado haujaamka!

Je, wajua kwamba mwaka 2024 U-Boot iliongezewa mchezo? Ni 2048, ule wa kusukuma namba mpaka zijumlishane. Mfumo haujawaka, nawe unacheza!

Je, wajua kwamba U-Boot ikiwa na haraka inajiruka yenyewe? Kuna mtindo uitwao Falcon: kipande chake kidogo cha mwanzo kinaamsha RAM, kisha kinaipigia Linux hodi moja kwa moja. Sehemu kubwa ya U-Boot haiguswi kabisa, na muda unaokolewa.

Sasa shangaa. Je, wajua kwamba U-Boot inaamsha hata kompyuta za Apple? Chipu ya M1 ilitoka Novemba 2020, mwaka uleule Mbarara ilipopandishwa kuwa jiji, na Apple hawakutoa maelezo ya kuiwashia Linux. Wapenzi wa mradi wa Asahi wakaichunguza kwa mikono yao. Machi 2022 wakatoa Linux ya majaribio inayoamshwa na programu yao m1n1, ikifuatiwa na U-Boot!

Prosesa changa iitwayo RISC-V

Je, wajua kwamba moja ya miundo mipya ya prosesa inayotikisa dunia ilianza kama kazi ya likizo? Mwaka 2010, Krste Asanović na wanafunzi wake huko Berkeley, Marekani, walipanga kuibuni RISC-V kwa miezi 3. Waliiweka wazi, na leo yeyote anaruhusiwa kutengeneza chipu yake bila kulipia ruhusa ya muundo huo.

Je, wajua kwamba msingi wa RISC-V wa biti 32 una amri 40 tu? Arobaini! Kwa hizo 40 unaweza kujumlisha, kulinganisha, kuruka, kusoma na kuandika memori. Mengine yote ni nyongeza anayoichagua mwenyewe mtengenezaji wa chipu.

Je, wajua kwamba RISC-V ina sehemu ya kuwekea namba ambayo haikubali namba yoyote? Zipo 32, na ile ya kwanza, x0, daima ni sifuri. Iandikie 5, iandikie milioni 7: ukiisoma, ni sifuri!

Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Je, wajua kwamba viini vya RISC-V hupiga bahati nasibu wakati wa kuamka? Prosesa yenye viini 4 ikiwashwa, vyote vinaweza kukurupuka pamoja vikigombea kazi. U-Boot huvipigisha kura, atakayewahi ndiye anayeiamsha mashine, na wenzake wanangoja. Kwenye msimbo wenyewe pameandikwa bahati nasibu!

Je, wajua kwamba butiloda ya RISC-V ikimaliza kazi huiachia Linux vitu viwili tu? Namba ya kiini kilichoshinda, na anwani ya ile orodha ya vilivyomo ndani ya mashine. Baada ya hapo inajiondoa, na Linux inashika usukani.

Je, wajua jinsi bei ilivyoanguka? Bodi ya kwanza ya RISC-V ya kuendesha Linux vizuri, HiFive Unleashed, iliuzwa dola 999 mwaka 2018. Mwaka 2023 ikaja Milk-V Duo, yenye U-Boot na Linux yake, kwa chini ya dola 10! Miaka 5 tu.

Je, wajua kwamba kuna chipu inayochagua kabila lake kila inapoamka? Imo kwenye bodi ya Raspberry Pi Pico 2, iliyotoka Agosti 2024 kwa dola 5, nayo ina viini 2 vya ARM na viini 2 vya RISC-V. Ikiwashwa inaamka upande mmoja, ikizimwa na kuwashwa tena inaweza kuamka upande wa pili.

Na bado! Je, wajua kwamba msimbo uliochongwa ndani ya chipu hiyo umeandikwa zaidi kwa amri za ARM, hata pale inapoamka kama RISC-V? Waundaji waliiwekea mkalimani mdogo anayezigeuza amri za ARM palepale. Na msimbo wote huo umewekwa wazi, uusome.

Je, wajua kwamba kampuni ya NVIDIA ilikadiria kwamba chipu zake za mwaka 2024 pekee zingebeba viini zaidi ya bilioni 1 vya RISC-V? Vimo ndani ya chipu za picha na za akili unde, vikifanya kazi za usimamizi. Watu wengi wanavyo na hawajui.

Je, wajua kwamba mtu mmoja aliilazimisha chipu ya biti 8 iamshe Linux? Mwaka 2012 Dmitry Grinberg aliandika programu iliyoifanya chipu hiyo ndogo ijifanye ARM. Ilifika mahali pa kupokea amri baada ya saa 2 hivi. Ulikwenda kuteka maji, ukarudi, bado inaamka!

Zamu yako

Je, wajua kwamba huhitaji kununua prosesa ya RISC-V ili uiamshe? Programu huria ya QEMU huifanya laptopu ya kawaida, hata iliyochoka, ijifanye mashine ya RISC-V. Unaipa faili moja la U-Boot, unabonyeza, na ile hesabu ya kurudi nyuma inatokea mbele yako!

Je, wajua kwamba huhitaji hata laptopu? Yule Fabrice Bellard wa TCCBOOT, ambaye pia ndiye aliyeianzisha QEMU, ana ukurasa uitwao JSLinux. Fungua kwa kivinjari, na mashine ya RISC-V inaamka ndani ya ukurasa, ikiwa na butiloda yake huria na Linux yake. Simu ya kugusa na bando vinatosha kujaribu.

Je, wajua kwamba U-Boot inaweza pia kuendeshwa kama programu ya kawaida juu ya Linux? Mtindo huo upo tangu mwaka 2011, mahususi kwa kujifunza na kujaribu. Ukikosea, unaifunga na kuifungua tena. Hakuna bodi itakayokufa!

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilomita 60 hivi kutoka Nakivale, kimeitangulia Linux? Kilianzishwa mwaka 1989, na Linux ikatoka mwaka 1991. Chuo kiko karibu, na msimbo wote huu hauna ada: kijana wa Juru anausoma uleule, neno kwa neno, anaousoma mhandisi wa Berlin au Tokyo.

Je, wajua kwamba ukirekebisha kosa ndani ya U-Boot, hakuna anayekuuliza paspoti wala kitambulisho cha mkimbizi? Unatuma marekebisho kwa barua pepe, chini yake unaweka mstari mmoja wenye jina lako. Yakikubaliwa, jina hilo linabaki kwenye historia ya msimbo, na kazi yako inasafiri hadi kwenye mashine za watu usiowajua.

Na ya mwisho, ikae kichwani. Je, wajua kwamba toleo jipya la U-Boot hutoka kila baada ya miezi 3? Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Ni nafasi 4 kila mwaka, ndugu yangu, na mojawapo inaweza kubeba jina la mtu wa Juru. Kwa nini lisiwe lako?